Kemshafti ya Bibi Harusi

Jumatatu, 17 Februari 2025

Nimetukanwa. Nimetukanwa mbele ya kamati nzima ya harusi, soda ikiwa mkononi.

Kikao kilifanyika jana Milanzi, nyumbani kwa shemeji yangu Nestory, mdogo wa mke wangu Cornelia. Yeye ndiye mwenyekiti. Alijichagua kwa kukaa kwenye kiti kikubwa kabla ya wengine kufika. Ajenda ilikuwa usafiri. Mjukuu wangu Herieth, niliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, anaolewa na Steven tarehe mosi Machi. Nilisimama ili nitamke kwamba bibi harusi atapanda Corolla yangu. Kabla sijafungua kinywa, Nestory akatangaza kwamba atapanda gari lake. Ni jeupe. Ni refu. Lina kiyoyozi. Kiyoyozi, Sumbawanga! Mji ambamo bwana harusi huvaa sweta chini ya koti la suti!

Nikauliza Corolla yangu itabeba nini. Masufuria, akasema. Akaongeza kwamba hata hayo masufuria yaanze safari mapema, maana mara ya mwisho aliponifuata mlimani aliona mama mwenye mzigo wa kuni akinipita, tena akaniamkia shikamoo alipokuwa akinipita. Kamati ikacheka. Cornelia naye alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Corolla yangu si mvivu. Ina injini ambayo haijapewa nafasi. Nimeamua kuipa.

Jumanne, 18 Februari

Siku nzima nimesoma habari za injini katika simu. Nimekuwa mwalimu mkuu. Nimefundisha hesabu watoto ambao leo ni mahakimu. Hakuna jambo lenye tarakimu linaloweza kunishinda.

Siri yote iko kwenye kemshafti. Hii ni fimbo ya chuma yenye nundu, inayozunguka juu ya injini. Nundu ikipita, husukuma valvu, na valvu hufunguka. Valvu moja huingiza hewa na mafuta, nyingine hutoa moshi. Kwa lugha nyepesi: valvu ni mlango, kemshafti ni bawabu. Bawabu wa Corolla yangu ni mzee mwenye usingizi. Hufungua kidogo, hufunga haraka.

Kemshafti hupimwa kwa kimo na kwa muda. Kimo ni milimita ambazo valvu hunyanyuliwa. Muda ni kipindi ambacho valvu hukaa wazi, nacho huhesabiwa kwa nyuzi za mzunguko wa injini. Ya kwangu ina nyuzi 240. Muuza vipuri mmoja wa Tunduma anatangaza kemshafti ya magari ya mashindano yenye nyuzi 304!

Nikapiga hesabu. Duara lina nyuzi 360. Nyuzi 240 ni asilimia sitini na saba: alama B. Nyuzi 304 ni asilimia themanini na nne: alama A. Katika maisha yangu yote ya ualimu sijaona mtoto wa A akishindwa na mtoto wa B.

Chini ya tangazo kulikuwa na aya ndefu kuhusu mizunguko ya chini na mizunguko ya juu, na ni magari gani yasifungwe kifaa hicho. Niliiruka. Aya za mwisho huandikwa na waoga.

Nimeagiza. Malipo ni jambo langu binafsi.

Alhamisi, 20 Februari

Imefika kwa basi, imeviringishwa katika kitenge chakavu. Nilimkuta Cornelia ameiweka mezani, anaitazama. Akauliza kama ni kinara cha mishumaa cha kanisani. Nikamwambia huo ni moyo wa gari. Akauliza ni moyo gani wenye majipu.

Nikaipeleka gereji kwa fundi Abeli. Abeli ana malezi mema. Hilo ndilo lililonifanya nimchague. Sijawahi kumsikia akimwambia mtu mzima hapana. Aliniamkia, akafuta mikono, akaigeuza kemshafti huku na huku. Akauliza kwa upole kama hii si ya magari ya mbio. Nikajibu kwamba ndiyo. Akauliza kama ninakwenda kwenye mbio. Nikajibu kwamba ninakwenda kwenye harusi. Akaiviringisha tena kwenye kitenge chake. Kisha akasema, "Sawa, mzee."

Huyo ndiye fundi!

Alitaja pia springi za valvu, kabureta na mambo mengine ambayo watu hubadilisha pamoja na kemshafti ya namna hii. Nikamweleza kwamba mwanafunzi mmoja bora hutosha kuinua darasa zima. Sawa, mzee.

Jumamosi, 22 Februari

Imefungwa. Nilisimamia kazi mwanzo hadi mwisho, nimekaa juu ya tairi.

Jambo kubwa ni taimingi. Krenki, yaani mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni, huzunguka mara mbili wakati kemshafti inazunguka mara moja. Mkanda wenye meno huziunganisha. Kila puli, yaani gurudumu linaloushika mkanda huo, ina alama yake, na alama hizo lazima zikae mahali pake kabla ya mkanda kuvishwa. La sivyo valvu hufunguka wakati usio wake. Abeli aliziweka. Nikavaa miwani, nikazikagua, nikamwambia amepatia. Akashukuru.

Injini ikawashwa. Oo! Mngurumo! Si ile sauti ya zamani ya cherehani. Huu ni mngurumo wenye mapigo: du, du, kimya. Du, du-du, kimya. Katika kile kimya gari zima lilitikisika hadi kioo cha pembeni kikageuka kutazama chini. Mwenye duka la jirani alitoka nje na mtoto wake begani, akiuliza kama ni tetemeko.

Abeli alieleza kwamba ndiyo tabia yake. Kwa nyuzi nyingi namna ile, mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea hukaa wazi pamoja kwa muda mrefu, kwa hiyo injini ikienda taratibu moshi hurudi ndani na kuchanganyika na hewa mpya. Inakuwa kama inajikaba yenyewe. Nikamwambia nyumba yenye milango yote wazi ndiyo yenye afya. Akapandisha mzunguko kwa bisibisi ili gari lisizime likisimama. Likazima. Akapandisha tena. Akanishauri nisiondoe mguu kwenye mafuta, hata kidogo. Na nisiende taratibu. Nikamwambia sikutumia siku zote hizi ili niende taratibu.

Pia breki zimekuwa ngumu. Injini hii haizisaidii kama ile ya zamani. Lazima nisimamie pedali kwa mguu mzima. Mazoezi mazuri kwa mtu wa umri wangu.

Jumapili, 23 Februari

Ushindi! Ushindi mtupu!

Baada ya misa, ndoa ilipotangazwa kwa mara ya tatu, tulitoka kwenda kualika ndugu upande wa barabara ya Matai. Nestory alitangulia na wajumbe wawili. Mimi nilifuata na Cornelia na Herieth. Chini ya mlima Corolla ilikohoa na kurukaruka kama sungura. Nestory akatoa mkono dirishani akatupungia, kwa namna ambayo mtu hupungia wagonjwa waliolazwa.

Nikashusha hadi gia ya pili. Nikakanyaga mafuta. Sindano ya ile saa ya mizunguko ambayo Abeli alinifungia ikapanda. Elfu tatu: hakuna kitu. Elfu nne: hakuna kitu. Elfu tano: Mungu wangu! Kama vile gari limepigwa teke kwa nyuma. Bawabu ameamka! Milango imefunguka! Tulimpita Nestory katikati ya mlima, kiyoyozi chake na weupe wake. Cornelia alisali makumi mawili ya rozari kwa pumzi moja. Herieth alikuwa akipiga makofi nyuma, akipiga kelele, "Babu, umempita! Babu, mwangalie uso wake!"

Niliuangalia. Nitaukumbuka.

Jioni kamati ilikaa tena. Herieth mwenyewe alisimama akasema atapanda gari la babu yake. Nani angempinga bibi harusi? Nestory akapewa masufuria. Nikaomba iandikwe kwenye kumbukumbu.

Baadaye Herieth alinifuata uani. Hakuwa akicheka tena. Alisema Padre ametangaza kwamba Jumamosi atafungisha ndoa tatu katika misa moja. Maandamano ya kuingia kanisani ni saa nne kamili. Watakaokosa maandamano hayo watasubiri hadi baada ya Pasaka, kwa kuwa Jumatano inayofuata ni Majivu na katika Kwaresima Padre hafungishi ndoa. Na Steven anasafiri Jumatatu kwenda Mtwara kuanza kazi. Bila ndoa, Steven atakwenda peke yake, na yeye atabaki hapa kwetu Izia akihesabiwa kuwa mchumba. Aliniomba jambo moja tu: nimfikishe kwa wakati.

Nikamwambia kwa gari hili atafika kabla ya Padre kuvaa viatu.

Jumanne, 25 Februari

Nestory anasambaza maneno. Sokoni amesema Corolla yangu ina degedege, na kwamba bibi harusi avalishwe kofia ya bodaboda chini ya shela.

Niliamua kujibu kwa ufundi. Nilifikiri hivi: injini hii inachelewa kuamka. Dawa ya kuchelewa ni kuwahi. Basi kemshafti iwahishwe. Nikafungua kifuniko mwenyewe, nikalegeza mkanda, nikasogeza puli ya kemshafti jino moja mbele. Jino moja tu! Kengele ya shule nilikuwa nikiigonga kabla ya wakati na hakuna aliyekufa.

Nikawasha. Injini ikavuta pumzi. Ikafikiri. Ikapiga chafya kupitia kabureta. Mlipuko! Mwali ukaruka hadi kwenye kamba ya nguo. Kuku wa jirani walipanda paa, mahali ambapo hawajawahi kufika. Shuka mpya za wageni zikawa na madoa kama chui. Cornelia akatoka jikoni na mwiko, akauliza, "Baba Flavian, umepanga kuniua kabla ya harusi au baada? Nijue kama nisuke nywele."

Abeli alikuja akarudisha lile jino mahali pake. Akasema, kwa adabu, kwamba ningesogeza zaidi kidogo, valvu na pistoni zingegongana na injini ingekwisha. Nikamweleza kwamba nilikuwa napima kama ataona kosa. Ameliona. Nimempongeza.

Ijumaa, 28 Februari

Nyumba imejaa. Vyungu, viazi, wanawake, mvua.

Asubuhi alifika Kabula, shangazi yake Steven, na mkokoteni wake wa kukokotwa na maksai, umejaa kuni na madumu ya maji ya kupikia. Wazazi wa Steven wanafuga na kulima huko Mwazye; Kabula ana shamba lake hapa hapa, mwisho wa Izia. Ni Msukuma mwenye mdomo. Aliniamkia shikamoo kwa kupiga goti vizuri kabisa, kisha akabaki hapo chini akiisikiliza Corolla, ambayo nilikuwa nimeiwasha ili wageni waisikie. Du, du, kimya.

"Babu," akasema, "hili gari lina malaria, au ni baridi yenu tu ya Ufipa?"

Wanawake wakaangua kicheko. Akashauri lifunikwe blanketi. Akasema maksai wake huwaka kwa mluzi mmoja na hawatikisi kichwa. Nikamfahamisha kwamba hakuna ng'ombe aliyewahi kufika mizunguko elfu tano. Akakubali. Akasema hakuna ng'ombe aliyewahi kuihitaji, majani yako karibu.

Mchana Nestory alikuja na karatasi yake ya msafara. Mbele ni kirikuu, gari dogo la mizigo, lenye matarumbeta. Nyuma ya kirikuu, kina mama wakicheza kwa miguu. Nyuma yao, gari la bibi harusi. Kisha magari mengine yote. Msafara uende kwa mwendo wa wachezaji, na gari la bibi harusi lisiipite bendi, maana ni mwiko. Yote hayo ninayajua. Nimehudhuria harusi nyingi kuliko yeye. Tatizo ni alichoongeza: eti tufanye mazoezi ya mwendo huo kutoka hapa hadi barabara ya lami, kwa ajili ya gari langu.

Nikamwambia, "Shemeji, mwendo wa polepole haufanyiwi mazoezi. Huja wenyewe."

Akakunja karatasi yake. Nilimwona ameishiwa hoja.

Jumamosi, 1 Machi, jioni

Nitaandika ukweli wote, kwa kuwa wengine wameanza kuandika wa kwao katika kundi la harusi la WhatsApp.

Tuliondoka mapema. Hilo lijulikane. Herieth, mweupe kama maziwa, ua mkononi, alikaa nyuma na msimamizi wake Silvana. Corolla ilipambwa kwa riboni. Tarumbeta likalia. Kirikuu likaondoka. Kina mama wakaanza kucheza, hatua mbili mbele, moja nyuma.

Moja nyuma! Hili halikuwa kwenye karatasi.

Nikaachia klachi. Corolla ikaruka. Silvana akagonga paji la uso kwenye kiti changu. Nikakanyaga klachi. Nikaachia. Ikaruka. Ikazima. Nikawasha. Kwa mwendo ule injini ilikuwa katika mizunguko elfu moja, huko chini kabisa ambako bawabu hulala na moshi hurudi ndani. Ilitaka elfu tano. Kina mama walitaka hatua mbili mbele, moja nyuma. Hapakuwa na jinsi ya kuwapatanisha, ila kushikilia mafuta juu na kuishika klachi nusu, mguu ukitetemeka, injini ikinguruma kama lori la magogo.

Kiongozi wa bendi akasikia mngurumo. Akadhani nampa changamoto. Akawaamuru vijana wake wapige kwa nguvu zaidi. Wakapiga kwa nguvu zaidi, na taratibu zaidi.

Nikapiga honi ili waongeze mwendo. Hapo niliteleza. Katika msafara wa harusi, honi ni shangwe. Magari yote nyuma yangu yakajibu kwa honi. Kina mama wakapiga vigelegele. Bendi ikafurahi, ikasimama kabisa, ikazunguka kutuelekea na kutupigia wimbo mzima wa kutusifu. Kiongozi alikuja hadi dirishani kwangu, akapiga tarumbeta ndani ya gari, jasho likimtiririka kwa furaha. Nilimpigia kelele kwamba tunachelewa. Akanionyesha kidole gumba.

Kwenye kile kimlima cha baada ya mashamba, kabla ya lami, harufu ikaanza. Kisha moshi. Silvana akasema kitu kinaungua. Nikamwambia ni ubani. Nikaachia klachi yote, nikakanyaga mafuta yote. Sindano ikafika elfu tano! Elfu sita! Injini ilikuwa ikiimba! Gari halikusogea hata inchi moja. Klachi ilikuwa imekwisha. Farasi wote wako zizini, wanapiga mateke, na hakuna wa kuwafunga kamba.

Barabara pale ni nyembamba. Mitaro ya pande zote mbili ilijaa maji ya mvua ya usiku. Hakuna gari la nyuma ambalo lingeweza kunipita. Nestory alikuja mbio katika tope, suruali ya suti ameikunja hadi magotini. Nilingoja acheke. Hakucheka. Aliweka bega lake kwenye gari pamoja na wanaume wengine, wakasukuma, wakateleza, wakasukuma tena. Mlima ukakataa. Kirikuu nalo lilikuwa likiteleza hata kabla ya kuvuta kitu. Kutembea kwa miguu haingewezekana. Gauni lile na tope lile. Kubebwa juujuu mwendo wote ule, mwenyewe alikataa.

Matarumbeta yakanyamaza. Nikasikia sauti ya Herieth nyuma yangu, ndogo sana.

"Babu, Padre hasubiri."

Nikamtazama katika kioo. Hakuwa akilia. Heri angelia. Alikuwa ameshika lile ua kwa mikono miwili na kutazama mbele, kama alivyokuwa akitazama barabara alipokuwa mtoto, siku niliyochelewa kumchukua shuleni. Sikuwa na la kusema. Mimi! Sikuwa na la kusema.

Kabula ndiye aliyesema. Alikuwa katikati ya wachezaji. Hakuomba kikao. Alipiga mluzi kuelekea shambani kwake, hatua chache kutoka pale, na mpwa wake mwingine akaleta maksai wawili, nira shingoni, mnyororo nyuma. Walikuwa wakilima palizi. Walikuwa na matope hadi tumboni. Nikatoka nje, nikapinga. Nikasema kuna heshima ya bibi harusi, kuna heshima ya familia, kuna heshima ya gari.

Herieth akateremsha kioo. "Babu, rudi ndani. Toa breki."

Nikarudi ndani. Nikatoa breki.

Basi sikilizeni. Wale ng'ombe walitembea. Bila kuruka, bila kuzima, bila kutikisika, hatua baada ya hatua, kwa mwendo uleule wa matarumbeta, kana kwamba wametengenezwa kwa kazi hiyo. Bendi ikarudia wimbo wake. Kina mama wakacheza, na safari hii Kabula, aliyekuwa mbele ya ng'ombe, aliwafukuza wacheze hatua mbili mbele bila ile ya nyuma. Watu walitoka majumbani. Tulipofika kwenye lami, mjomba wake Steven alikuwa akipaza sauti kwamba amehudhuria harusi tangu Shinyanga hadi Rukwa, lakini leo ndiyo mara ya kwanza kuona ng'ombe wa mahari wakija wenyewe kumchukua bibi harusi. Umati mzima ukalia kwa kicheko. Nyuma yangu nikasikia sauti nyingine ikicheka. Herieth. Nikageuka. Alikuwa akicheka hadi wanja unachuruzika, na hakutaka kuhamia gari jingine.

Mbele ya kanisa jozi mbili zilikuwa zimeshapita mlangoni. Padre alisimama kizingitini, akitazama saa yake. Akatazama ng'ombe. Akanitazama mimi, nimeshika usukani wa gari lililozima. Steven akateremka ngazi mbio, akamfungulia Herieth mlango. Padre akasogea pembeni kidogo, upana wa watu wawili.

Wamefunga ndoa. Saa nne na dakika zake, lakini wamefunga.

Ukumbini Herieth alinishika mikono yote miwili akasema, "Babu, umenifikisha." Macho yangu yalikuwa yanawasha. Moshi wa klachi hukaa muda mrefu.

Jumatano, 5 Machi. Jumatano ya Majivu

Herieth na Steven waliondoka Jumatatu kwa basi. Nyumba ni kubwa mno. Cornelia ameanua shuka zenye madoa ya chui, amezitandika kitandani kwangu.

Nimepata muda wa kufikiri kwa utulivu, nami nimefikia hukumu. Kemshafti haina kosa. Imefanya kila ilichoahidi. Nestory ni shahidi, nilimpita mlimani. Kosa ni la harusi, ambayo haikufika mizunguko elfu tano hata mara moja. Kosa pia ni langu, nami nakiri kama Mkristo: nilichagua nyuzi 304. Nilikuwa mwoga. Muuza vipuri wa Tunduma anayo nyingine, nyuzi 320. Nimepiga hesabu: asilimia themanini na tisa! Kwa nguvu hizo ng'ombe wasingehitajika, kwa kuwa tungekuwa tumefika kanisani kabla bendi haijapanda gari.

Nimemweleza Abeli, ambaye ana klachi mpya mezani. Alifuta mikono, akaifuta tena. Sawa, mzee.

Leo nimepakwa majivu. Baada ya ibada Padre alinivuta kando, akaniuliza kwa ukali kidogo nimeamua kuacha nini katika Kwaresima hii. Cornelia akanijibia kwamba nitaacha gari. Padre akaitikia kwa kichwa. Nikawaambia wote wawili kwamba nimesali, nimetafakari, nami nimeona ni kitu gani kilichokaribia kumharibia mjukuu wangu ndoa yake. Hicho ndicho ninachokiacha.

Nimeacha mwendo wa polepole.

Nimeanza leo leo. Nimerudi nyumbani kwa miguu, na njiani nimempita kila mtu, Nestory akiwamo, ingawa yeye alikuwa amesimama anazungumza na Padre.